Setilaiti Yaonya, Sindano Yachelewa

Msomaji, kufikia Novemba 2006 wataalamu walikuwa wameonya kwamba homa ya Bonde la Ufa ingeweza kuzuka katika eneo letu. Desemba ikathibitishwa Garissa. Kuchanja mifugo kulianza Januari 2007, watu wakiwa tayari wanazikwa. Nchini Kenya walikufa zaidi ya 150.

Onyo hilo halikuwa ramli. Mayai ya mbu hulala miaka mingi katika udongo wa mabonde, mengine yakiwa na virusi ndani, hadi mafuriko yayaangue. Mbu huwauma kondoo na mbuzi, na binadamu huambukizwa kwa kuumwa au kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa. Setilaiti haimwoni mbu. Hupima joto la bahari, mawingu na jinsi majani yanavyostawi nyikani kuliko kawaida.

Maafisa huogopa kutumia fedha kwa onyo ambalo huenda lisitimie. Hofu hiyo naielewa, ila haina uzito. Mbuzi aliyechanjwa, hata ugonjwa usipofika, hubaki na kinga yake. Lakini ukishaingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuusambaza, na ndiyo maana wataalamu husita kuchanja wakati ule ule wafugaji wanapolilia chanjo.

Fedha zitengwe mapema na zitolewe siku onyo linapotoka. Habari nazo zifike visimani, kwa redio za lugha za wafugaji. Mfugaji akijua, hatamgusa kwa mikono mitupu kondoo aliyetupa mimba, na maziwa atayachemsha.