MKOPO PEKE YAKE HAUTOSHI

Tarehe 25 Oktoba, 1961, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja wao kwa jina. Siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huketi ukumbini pamoja na mamia ya wenzake, na muhula waweza kwisha mwalimu asijue kama alikuwapo.

Serikali imefanya mengi ili vijana wa wakulima na wafanyakazi wafike katika kumbi hizo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne 2016, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini kumfikisha kijana chuoni ni kazi moja, na kumwezesha kusoma huko ni kazi nyingine, na hii ya pili haijapewa fedha inazostahili.

Kijana huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari amefunzwa kwa Kiingereza ambacho pengine hata mwalimu wake kilimpa taabu, akazoea kukariri ili apite mtihani. Sasa anatakiwa asikilize mhadhara na kuandika muhtasari wake papo hapo, kisha asome vitabu vitano vinavyopingana na aandike insha yenye hoja zake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Akishindwa hufukuzwa, na wanafunzi wamelipa jambo hilo jina la mzaha, kudisko, ingawa hatuoni la kuchekesha ndani yake. Anarudi kwa wazazi hana shahada, na deni la Bodi bado ni lake.

Mfanyakazi naye ana haki ya kuuliza. Aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, ili na wadogo zake wasome. Hakatwi ili wafukuzwe.

Tutaambiwa kwamba vyuo vingi vina somo la stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Ni kweli, wala hatulidharau. Lakini tufanye hesabu. Mwalimu mwenye wanafunzi 400 akitaka kusahihisha ukurasa mmoja wa kila mmoja, kwa dakika kumi tu, atahitaji zaidi ya saa 66. Atafanya nini, ila kutoa maswali ya kuchagua jibu? Na kuandika hakufundishwi kwa kutia alama ya vema penye herufi B.

Wako pia wasemao kwamba aliyefika Chuo Kikuu ni mtu mzima, ajitegemee. Mara nyingi husema hivyo wale waliozungumza Kiingereza tangu utotoni. Kujitegemea hakujapata kuwa na maana ya kumnyima mtu jembe kisha kumlaumu kwa shamba lisilolimwa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watu watoke kazini waingie Chuo Kikuu. Je, aliyeviacha vitabu miaka kumi naye aambiwe ajitegemee?

Ndugu zetu wa Afrika Kusini, waliorithi shule za ubaguzi, wamekuwa wakitenga fedha maalum tangu 2004 kwa masomo ya msingi vyuoni, hata shahada ya miaka mitatu mwanafunzi aweze kuisoma kwa minne. Si lazima tuwaige kwa kila jambo. La kuiga ni kwamba fedha hizo zina fungu lake, hazichanganywi na za majengo.

Bajeti ya Wizara ya Elimu husomwa Bungeni Dodoma kabla ya Julai. Tunataka fungu hilo liandikwe humo kwa jina lake, kwa ajili ya walimu wa vikundi vidogo vya mwaka wa kwanza, na Wabunge wa Chama wamwulize Waziri ni walimu wangapi wataajiriwa, na katika vyuo vipi.