Makonyo ya Wawi na Minyoo ya Watoto Wetu

Kule Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kipo kiwanda cha makonyo ambacho kila Mpemba anakijua. Vile vikonyo ambavyo akina mama huvitenga na karafuu jamvini huchemshwa humo kwa mvuke hata vikatoa mafuta makali, nayo huuzwa ng'ambo kwa watengenezaji wa manukato, sabuni na dawa za meno. Katika Wawi hiyo hiyo imo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa Kitaliani wa elimu ya vimelea. Ilifunguliwa mwaka 2000, na humo mkojo na kinyesi cha watoto wa skuli hutazamwa kwa hadubini. Majirani wawili hawa, mmoja ana mafuta na mwingine ana mayai ya minyoo. Suala letu leo ni namna wanavyopaswa kushirikiana, na kwa masharti gani.

Hatuandiki haya kwa kuwa dawa zilizopo hazina maana. Prazikwanteli, iliyotoka Ujerumani katika miaka ya 1970, imewaokoa watoto wengi wa visiwa hivi na mkojo wa damu. Kampeni kubwa ya kutokomeza kichocho, iliyoendeshwa Unguja na Pemba tangu mwaka 2012 hadi 2017 kwa vidonge, kwa kuua konokono na kwa kuwaelimisha watu, iliupunguza sana ugonjwa huo. Lakini haukung'oka. Tena dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, ile michanga haiiwezi vyema. Mtoto aliyeoga mtoni juma lililopita humeza vidonge leo na bado akabaki na minyoo itakayokomaa baadaye.

Habari ya mnyoo mjeledi ni mbaya zaidi. Katika majaribio yaliyofanywa mwaka 2012 katika skuli mbili za Pemba, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, albendazoli peke yake iliponya watoto chini ya 3 katika kila 100 waliokuwa na mnyoo huo. Ilipochanganywa na dawa iitwayo oksanteli, walipona kiasi cha 31. Maana yake ni kwamba hata dawa iliyoshinda katika mashindano hayo iliwashindwa zaidi ya theluthi mbili ya watoto. Na tukumbuke kwamba albendazoli ndiyo inayogawiwa katika skuli mwaka baada ya mwaka. Basi mtu anayetafuta dawa mpya hatafuti anasa.

Je, mafuta ya mimea yaweza kuwa dawa hiyo? Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, baina ya asilimia 70 na 90, ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Ndicho kinachotia ganzi jino bovu, jambo ambalo bibi zetu walilijua bila ya kusomea. Mwaka 2011 watafiti wa Kireno walichapisha habari kwamba mafuta ya karafuu, na eujenoli yenyewe, huzuia kukua kwa jiadia, kimelea kinacholeta kuhara. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Australia, mafuta hayo yaliwaua vijidudu vya upele. Eujenoli na jamaa zake wa karibu ziliwaua katika muda wa saa moja tangu kuwagusa, sawasawa na ile dawa ya BBE ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa mwasho wake.

Hayo yote, hata hivyo, yalifanyika katika vichupa na visahani vya maabara. Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watulie, kwa sababu hapa ndipo biashara ya maneno inapoanzia. Hukosi kusikia mtu akinadi chupa ya mafuta ya karafuu kwamba anywe mtoto kijiko, minyoo itoke. Asinyweshwe mtoto! Vitabu vya tiba vina visa vya watoto wadogo walioharibika ini, wakachungulia kaburi, baada ya kunywa mafuta ya karafuu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo imekadiria kwamba mtu aweza kula eujenoli siku zote bila ya khofu, maadamu haizidi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20, basi, fungu lake la siku ni miligramu 50. Tone moja tu la mafuta ya karafuu lakaribia kiasi hicho. Ni kweli kuwa kipimo hicho ni cha chakula cha kila siku, wala si cha dawa inywewayo mara moja. Lakini baina ya tone na kijiko pana safari ndefu.

Wala dunia si ngeni katika jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, mafuta ya mmea wa kenopodiamu yalikuwa dawa kubwa ya safura katika nchi nyingi za joto, nayo yalinyweshwa watu kwa maelfu. Yaliua minyoo kweli kweli. Yaliua na baadhi ya wagonjwa pia, kwa kuwa kipimo kinachomdhuru mnyoo kilikaribiana mno na kipimo kinachomdhuru mwanadamu, na nguvu ya mafuta ilibadilika kutoka chupa hii hadi ile. Thaimoli, iliyotolewa katika mafuta ya mmea mwingine, ilikuwa na kasoro ya namna hiyo. Zilipopatikana dawa nyingine, mafuta hayo yaliachwa, wala hayakuachwa kwa husuda ya wenye viwanda kama wengine wanavyopenda kusema.

Ipo sababu nyingine ambayo husahauliwa. Mafuta ya namna hii hufyonzwa upesi, na ini huyafunga na kuyatoa katika mkojo karibu yote ndani ya siku moja. Mnyoo mjeledi amejichimbia kichwa katika utumbo mpana, chini kabisa. Mafuta huwa yameshaondoka njiani kabla ya kumfikia. Mnyoo wa kichocho yumo ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Nako eujenoli hufika ikiwa imekwisha kubadilishwa na ini, imepoteza makali yake. Anayesema kwamba alichokiona katika kisahani kitatokea vivyo hivyo katika mwili wa mtoto hana budi aeleze kwanza namna mafuta yatakavyofika aliko adui.

Kwa sababu hiyo sisi twaona kwamba majaribio yaanze mahali ambapo mafuta na mdudu hukutana ana kwa ana, nako ni kwenye ngozi. Upele ni ugonjwa wa vimelea, nao ni mateso makubwa katika madrasa, katika dakhalia na katika nyumba ambamo watoto watano hulala kitanda kimoja. Watu huuonea haya, wala hawaendi hospitali mpaka mwili umechubuka. Dawa ya kupaka yenye eujenoli kwa kipimo kilichopimwa yaweza kujaribiwa kwa hadhari, kwa watu wazima kwanza, huku ikiangaliwa kama inachoma ngozi au inaleta vipele vingine. Maana eujenoli inajulikana kuwa huwasha baadhi ya watu. Yakifaulu hayo, ndipo tuzungumze habari za jiadia. Minyoo ya tumboni na kichocho vingoje. Tunajua kwamba shauri hili halitawafurahisha wale waliotaka kusikia kwamba karafuu itamaliza kichocho.

Wako watakaotujibu kwa mfano wa Uchina. Mfano huo ni mzuri, lakini usomwe wote. Kazi ya kutafuta dawa ya malaria ilianza kule mwaka 1967, na Bibi Tu Youyou na wenzake waliipata artemisinini mwaka 1972 baada ya kupitia mimea mingi na vitabu vya kale. Walipouchemsha mmea, dawa ilipotea. Walipoitoa kwa moto mdogo, ikapatikana. Haikuwa mafuta ya kunukia, na haikuwa chai. Ilikuwa ni kitu kimoja kilichosafishwa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa wanyama na kisha kwa watafiti wenyewe kabla ya wagonjwa. Zanzibar ilianza kuitumia katika dawa mseto mwaka 2003, na kila mwenye umri anakumbuka wodi za watoto zilivyokuwa kabla ya hapo. Bibi huyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, miaka 43 baadaye.

Sasa tunaigeukia Serikali. Watoto wa Pemba wametoa mkojo na kinyesi chao kwa miaka mingi ili dawa za wengine zipimwe. Hapana ubaya, walitibiwa, na elimu iliongezeka. Lakini katika jambo la karafuu hatupendi tuwe watoa vikombe tu. Eujenoli yenyewe inajulikana tangu karne ya 19, hakuna awezaye kudai leo kwamba ameivumbua. Bali namna ya kuitia katika malhamu, ikakaa na isiharibike, hiyo yaweza kuwa mali ya mtu. Mkataba uandikwe kabla chupa ya kwanza haijapanda ndege, na uandikwe kwa lugha ambayo sheha wa shehia inayofanyiwa majaribio ataweza kuisoma. Indonesia, yenye karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, haitatungoja.

Fedha zinazohitajika kwa mwanzo si nyingi. Panatakiwa kijana mmoja au wawili waliosomea kemia, chombo cha kupimia mafuta ili ijulikane chupa ya leo ina eujenoli kiasi gani na ya kesho kiasi gani, na kamati ya maadili isiyoogopa kusema hapana. Panatakiwa pia ahadi ya maandishi kwamba matokeo yatatangazwa hata yakiwa ya kushindwa, kwani majaribio yaliyofichwa makabatini hurudiwa na wengine, juu ya miili ya watoto wengine.

Makonyo ya msimu huu yatachemshwa na mafuta yake yatauzwa, kama ilivyo desturi. Tunamwomba Waziri anayehusika na biashara na mwenzake wa afya waketi pamoja, wakubaliane kwamba pipa moja katika hayo lisiuzwe, lipelekwe kwa jirani.