FUNDI WA NYUMBANI: PEUGEOT YA MAREHEMU BABA

Juma hili twaweka kando viti vilivyolegea na mabomba yanayovuja, ili tumjibu msomaji mmoja, sajini wa polisi mstaafu, ambaye barua yake yastahili ukurasa mzima. Aeleza kwamba marehemu baba yake alimwachia Peugeot 404, nayo imelala chini ya mwembe kwa muda wa miaka kumi na mmoja; kuku hutagia katika kiti cha nyuma. Sasa amepokea kiinua mgongo chake, na moyo wamtuma kulifufua gari hilo na kulipaka rangi nyeupe kama lilivyokuwa enzi za mzee. Mkewe amempa jibu fupi: fedha ya watoto isifukiwe katika chuma. Sajini auliza ni nani mwenye haki kati yao.

Kwa maoni yetu, wote wawili wana haki. Kinachowatenganisha ni mpangilio wa kazi. Gari kuukuu hufufuliwa kwa kufuata utaratibu wa uhai, wala si utaratibu wa macho. Kwanza mwili, kisha breki, kisha maji na umeme, kisha injini. Rangi huja mwisho kabisa.

SIFA YA GARI HILI

Mapenzi ya sajini kwa gari hili si ya bure. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na injini yake ikiwa na sentimita za ujazo 1618. Wazee wetu waliifahamu katika mashindano ya East African Safari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu, na ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao, na safari hiyo pia yalimaliza magari 7 peke yake. Baadaye ndugu za gari hili, zile zenye mgongo mrefu, zikawa teksi za masafa, na jina “Pijo” likaingia katika kila kituo cha abiria.

Hata hivyo, sifa hiyo ni ya gari lililotunzwa. Gari lililokaa mvuani miaka kumi na mmoja limeishi maisha mengine, nalo sharti likaguliwe upya kama kuruta.

KAGUA KABLA YA KUTOA FEDHA

404 haina chesi ya kujitegemea kama lori. Bati la mwili wake ndilo mifupa yake. Kwa hiyo chukua bisibisi, uchokoe kwa nguvu mahali pane: vizingiti vilivyo chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, mahali pa kuwekea jeki, na ndani ya boneti pale zinapoishia juu shokomzoba za mbele. Kutu ya mlango au ya madigadi ni aibu tu. Kutu ya mahali hapo pane ni hatari, kwa maana gurudumu laweza kuchomoka katika mwili wake njiani.

Bisibisi ikizama mahali pamoja au pawili, mchomeleaji hodari aweza kukata hadi kwenye bati zima na kutia bamba jipya. Asikubaliwe yule anayejaza tundu kwa pati na kulainisha kwa msasa. Bisibisi ikizama kote kune, tunamshauri sajini aliuze gari kwa wanaotafuta vipuri, abaki na usukani na picha ya mzee. Si aibu. Askari mwema hujua pia wakati wa kurudi nyuma.

DAFTARI LA MUME NA MKE

Kiinua mgongo si mshahara. Kikitoka hakirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata plagi moja, mume na mke wakae mezani na daftari moja. Kwanza watenge karo ya watoto, matengenezo ya nyumba na chakula cha miezi sita. Katika kinachobaki, waandike kiasi ambacho gari halitavuka, kisha wote wawili watie sahihi. Kila kipuri kiandikwe siku kilipoingia na bei yake. Robo moja ya fedha hizo iwekwe pembeni kwa ajili ya yale yasiyoonekana, kwani gari la umri huu halikosi siri.

Daftari hilo litamwonyesha mama wa nyumba kwamba kuna mpaka. Nalo litamlinda sajini dhidi ya marafiki wanaopita uani na kusema, “Ongeza kidogo tu.”

UA SI KARAKANA

Pale pale gari lilipo watoto hucheza. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi za chuma mahali palipo pagumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo. Tofali lisitumike, kwani hupasuka bila kutoa taarifa. Waya wa betri uondolewe kila jioni. Petroli kuukuu ikinywe kutoka tangini mbali na jiko, wala isiwekwe katika chupa ya soda. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lisipulizwe kwa mdomo, kwa sababu vingi vilikuwa na asbesto ambayo hudhuru mapafu. Lowesha kwa maji, kisha futa kwa kitambaa cha kutupa.

BREKI, KISHA MENGINE

404 nyingi za zamani zina breki za ngoma magurudumu yote manne, na njia moja tu ya mafuta ya breki. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, breki zote hupotea kwa pamoja. Hapa ndipo fedha ya kwanza ya uboreshaji inapopaswa kwenda. Badilisha mipira yote ya breki hata kama yaonekana mizima. Badilisha mabomba yaliyoshika kutu. Tia silinda kuu yenye njia mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Mwenye uwezo na atafute seti kamili ya breki za diski za mbele kutoka 404 za miaka ya mwisho. Iwe seti kamili, wala si nusu ya gari hili na nusu ya lile. Mafuta ya breki hunywa unyevu, basi yabadilishwe kila miaka miwili. Usitie kamwe mafuta ya injini mahali pake, maana mpira huvimba na breki hukwama.

Pamoja na breki, fikiria mikanda ya usalama. Ikiwa haimo, mahali pa kufungia pachomelewe bamba nene. Skrubu iliyofungwa katika bati jembamba hung'oka siku inapohitajiwa.

MAJI NA UMEME

Feni ya 404 ina ujanja wake. Haizunguki wakati wote. Sumaku ya umeme huishika maji yanapopata moto, na kuiachia yanapopoa. Kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku hiyo kikiisha, feni hubaki imelala, maji huchemka, na hedi ya alumini hupinda. Injini nyingi zimekufa kwa kosa la kaboni yenye ukubwa wa kucha. Badilisha kaboni hiyo, osha rejeta, tia mipira mipya na themostati mpya. Tumia maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, kwani alumini ya hedi na chuma cha bloku havipatani katika maji matupu.

Katika umeme, nyaya zilizotafunwa na panya zibadilishwe zote, wala zisifungwe utepe. 404 za mwanzo hutumia dainamo, ambayo hutoa umeme kidogo injini ikienda polepole. Kuweka alteneta ni uboreshaji wa maana kwa mtu anayesafiri usiku. Taa kubwa zipewe relei, ili mzigo wa umeme usipitie katika swichi ya zamani.

INJINI

Injini iliyolala isiamshwe kwa pupa. Toa plagi, tia mafuta kidogo katika kila silinda, acha hadi kesho yake, kisha zungusha taratibu kwa hendeli. Ikizunguka bila kukwaruza, mwaga mafuta ya zamani, tia mapya, na ndipo uwashe.

Wafaransa walifanya jambo la busara katika injini hii: kila silinda ina slivu inayotoka, nayo huzungukwa na maji. Basi ikichakaa, slivu na pistoni huweza kubadilishwa bila kuipeleka bloku kuchongwa. Lakini jihadhari. Ukiisha kuondoa hedi, usizungushe krankshafti kabla ya kubana slivu kwa vipande vya chuma. Slivu ikiinuka hata kidogo, muhuri wa chini huvunjika, na maji huingia katika mafuta. Jua pia kwamba silinda namba moja, kwa hesabu ya Peugeot, ni ile iliyo karibu na gurudumu zito upande wa giaboksi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani huanza kuhesabu upande wa rejeta, akarekebisha vali isiyokusudiwa.

Difu nayo yataka heshima. Badala ya gia za kawaida, 404 ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba ngumu. Kiwanda kiliagiza mafuta yenye asili ya mbarika. Mafuta mengi ya kisasa ya difu yana dawa za salfa ambazo huila shaba hiyo polepole. Tafuta mafuta yaliyotengenezwa kwa difu ya namna hii, wala usiyachanganye na mengine. Ya duka la dawa, yale tuliyonyweshwa utotoni, si kazi yake.

RANGI NA YALE YA KUACHA

Sasa rangi. Ikiwa fedha ya daftari imekwisha kabla ya kufika hapa, gari na litembee na rangi yake ya kale, halitamdhuru mtu. Na yapo ya kuacha kama yalivyo: gia iliyo kwenye usukani, saa za mbele ya dereva, na umbo la viti. Twaongeza kinacholinda uhai. Kile kilicholifanya kuwa gari la mzee twakiacha. Anayetia injini kubwa ya gari jingine katika mwili wa 404 hana tena 404, wala hana gari lile jingine.

Kwa hiyo, sajini, na wewe mama wa nyumba, uamuzi wenu waweza kuanza Jumamosi hii kwa bisibisi moja na daftari la kurasa thelathini na mbili. Bisibisi itawaambia kama gari laweza kupona. Daftari litawaambia kama mwaweza kulitibu. Majibu yote mawili yakiwa “ndiyo”, hamisheni kuku, anzeni na breki. Moja likiwa “hapana”, liuzeni bila huzuni, maana mzee aliwaachia gari liwabebe ninyi, hakuwaachia mzigo wa kubeba.

Juma lijalo tutajibu maswali juu ya paa linalovuja kabla ya masika. Hadi hapo, tuwatakie kazi njema nyumbani na kambini.