Miiko yenye bei

JICHO LA IJUMAA
Na Zuhura Mbwana

Mtoto wa kaka yangu amejiunga na Chama cha Wezi. Msishtuke: ni ndani ya Oblivion, gemu ya kompyuta ya mwaka 2006, yenye mapanga, uchawi na nchi ya kubuni. "Shangazi, hawa wana heshima zao," akaniambia, akanisomea masharti: usimwibie mwanachama mwenzako, usiue ukiwa kazini, usiwaibie maskini. Mkuu wao, Gray Fox, ndiye mlinzi wa ombaomba.

Nikakaa naye jioni nzima. Heshima sikuiona, niliona hesabu. Kazi kubwa haipati mpaka amuuzie mlanguzi wa chama mali ya wizi ya dhahabu 50, kisha 100, kisha 200, inapanda hivyo hivyo. Akiua kazini anatimuliwa. Akilipa faini anarudishwa. Mwiko unaofutwa kwa malipo mimi nauita ushuru. Hata huruma kwa ombaomba ina faida yake: hao ndio macho ya chama, wakipozwa kidogo wanakuambia unayemtafuta anakaa wapi.

Wachezaji wa Dungeons & Dragons, gemu ya mezani iliyotoka 1974 na kuongezewa mwizi 1975, wana dawa ya bei nafuu zaidi. Mwizi wao akiwachomolea wenzake mfukoni, wenye mifuko wameketi naye meza moja. Wiki ijayo hawamwiti.

Skyrim, ya mwaka 2011 na ya watengenezaji wale wale wa Oblivion, ndiyo iliyonikamata. Chama cha humo kimechakaa, kimejibanza chini ya mji wa Riften, na wenyewe wanalaumu mkosi. Kumbe mkuu wao, Mercer Frey, robo karne nyuma alimuua aliyemtangulia, akamsingizia Karliah, mwenzao wa karibu. Hazina ya chama inataka funguo mbili, maana wezi wanajuana. Siku ya siku, mwanachama mmoja, Delvin, anazungusha wake, mwenzake Brynjolf anazungusha wake. Mlango unafunguka. Makasha yako wazi, matupu. Mercer alikuwa na ufunguo wa kichawi usiohitaji mwenzake.

Kijana akaacha kubofya. Akakodolea macho kioo kwa muda.

"Shangazi, na zile faini nilizolipa kule kwingine, zilikuwa zinawekwa wapi?"