Maneno ya Kiingereza na Maana Yake: Maneno Manne ya Karatasi za Shamba

Mkulima wa miwa wa Awendo na karani wa Homa Bay wote wawili hulijua neno "charge". Lakini ajuaye maana ya neno sokoni aweza kupotea akilikuta katika karatasi za shamba, kwani huko maneno mengi yana maana nyingine. Juma hili yatazamwe manne.

CHARGE. Dukani ni bei itozwayo. Kwa polisi ni shtaka. Kwa mwenye simu ni kuitia nguvu za umeme. Katika daftari la ardhi, neno hili ni rehani: shamba limewekwa kuwa dhamana ya mkopo. Basi atiaye sahihi karatasi ya "charge" akidhani ni ada ya benki tu, ameliweka rehani shamba la watoto wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila sahihi au ridhaa ya mke au mume. Tena mdaiwa aliyeshindwa kulipa hupewa notisi ya siku zisizopungua 90, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla shamba halijauzwa. Notisi iliyowekwa kabatini bila kusomwa huhesabu siku zake vilevile.

INTEREST. Katika mazungumzo ni hamu ya kujua jambo. Benki ni riba. Katika ardhi ni haki aliyo nayo mtu juu ya shamba, hata kama si mwenye hati. Ikiandikwa kwamba jirani ana "interest" katika shamba, maana yake si kwamba anadai riba. Ana haki fulani humo, na yafaa iulizwe ni haki gani.

CAUTION. Barabarani ni hadhari, na kwa polisi ni onyo. Katika daftari la ardhi ni zuio. Anayedai haki katika shamba humwomba msajili aliandike, na shamba hilo haliwezi kuhamishwa wala kuwekwa rehani ila kwa ridhaa yake, au zuio liondolewe kwa sheria. Mnunuzi mwenye busara hulitafuta neno hili katika ofisi ya ardhi, Migori au Homa Bay, kabla ya kutoa fedha.

CONSENT. Ni ridhaa. Wengi hudhani yatosha muuzaji na mnunuzi wakiridhiana mbele ya wazee. Haitoshi. Katika maeneo yaliyo chini ya bodi za ardhi, sheria ya mwaka 1967 yataka anayeuza, kukodisha au kuweka rehani shamba la kilimo apate ridhaa ya bodi, nayo iombwe kabla ya miezi sita kupita tangu mapatano. Pasipo ridhaa hiyo, sheria huyahesabu mapatano kuwa batili, hata kama fedha zimekwisha kupokewa.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuona haya kusema, "Nieleze karatasi hii kwa Kiswahili kwanza, ndipo nitie sahihi." Kuuliza si ujinga, na shamba likiisha kuuzwa ni shida kulirudisha.