Aliyetia Sahihi Aje Shambani

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Bodi ya Usajili wa Wathamini,
Nairobi.

KUH: USIMAMIZI WA WATHAMINI WANAGENZI

Tangu Sheria ya Wathamini ya 1984, kazi ya kuthamini mali ni ya mthamini aliyesajiliwa, na kijana aliyetoka chuoni hujifunza chini yake. Utaratibu huo naukubali kabisa. Tatizo ni kwamba huku Wang'uru, Mwea, kijana huja peke yake, na mkubwa wake tunamjua kwa sahihi tu.

Jirani yangu alipoomba mkopo, kijana aliyetumwa kulithamini shamba lake alisimama kwenye tuta la mfereji, akapiga picha kwa simu, akaulizia mawe ya mpaka, akaondoka. Zamu ya maji hakuiuliza. Hapa Mwea hilo ndilo swali la kwanza. Mito ya Thiba na Nyamindi ikipungua, aliye mkiani mwa mfereji ndiye hukaukiwa. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022, lilijengwa ili tuvune mara mbili kwa mwaka. Shamba linalofikiwa na maji hayo na lile lisilofikiwa hayawezi kuwa na bei moja hata kama yanapakana.

Kibaya zaidi, kijana huyo alilinganisha shamba la jirani na la ng'ambo ya mfereji. La jirani liko nje ya mradi wa umwagiliaji na lina hatimiliki. Lile jingine ni miongoni mwa zile ekari nne nne ambazo wazee wetu walipewa na mradi walime kwa kibali, bila hatimiliki. Hizo ni mali mbili tofauti kisheria. Thamani ikashuka, mkopo nao ukapunguzwa, na mbolea ikanunuliwa nusu.

Kijana simlaumu. Nani alimfundisha?

Naomba kanuni ziseme wazi: mwanagenzi asikague shamba peke yake mpaka msimamizi awe amekagua naye mashamba ya aina hiyo. Ripoti itaje majina ya wote wawili na tarehe ambayo kila mmoja alikanyaga ardhi yenyewe. Daftari la mafunzo la mwanagenzi lisijae vyumba vya kupangisha vya Nairobi pekee. Liwe na mpunga, chai na kahawa, maana wengi wa eneo hili la Mlima Kenya wanaishi kwa hayo. Nanyi mchague ripoti chache kila mwaka, mumpigie simu mwenye shamba, mumuulize ni nani alikuja.

Kabla ya kuziandika kanuni hizo, fanyeni kikao hapa Wang'uru. Mje Agosti, tukiwa tunapanda.

Wenu,
Mkulima wa mpunga, Mwea