Orodha ya Wenye Nyumba Si Orodha ya Wakazi

Makala za historia ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar hutufikia kwa wingi, na nyingi zina mwendo mmoja: tajiri fulani alijenga, wanawe wakarithi, mkopeshaji akaichukua nyumba kwa rehani, serikali ikaitaifisha, mwekezaji akaikarabati. Watu watano kwa miaka mia na hamsini. Mwandishi hufunga daftari akiamini ameeleza nani aliishi humo, kumbe ameeleza nani alishika hati. Toleo hili tumelitoa kuupinga mwendo huo, na mimi sitajifanya mwamuzi asiye na upande.

Tuchukue Mambo Msiige, pale Shangani. Ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa ukoo wa Harthi. Mwaka 1864 wakaingia wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, na walipohama ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli. Kila hatua ni sahihi, na bado orodha inapotosha. Angalia wamisionari. Askofu Tozer na Edward Steere walipofika mwaka 1864, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Majid, aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliolala, wakala na kusomeshwa katika nyumba ya misheni, na mmoja wao, John Swedi, baadaye alipewa daraja la ushemasi. Anayeuliza nani aliishi katika nyumba ya misheni miaka ya 1860 hana budi aanze na watoto hao. Ile simulizi ya kujengwa kwa Mambo Msiige, ya mayai yaliyokorogwa ndani ya chokaa na watumwa waliozikwa hai ukutani, ambayo kila mtembeza wageni anaijua, haitupi hata jina moja. Nimeiondoa popote ilipotumiwa kama ushahidi.

Huambiwa kwamba nyaraka hazisemi lolote kuhusu wanyonge. Asemaye hivyo hajazisoma hati za wakfu. Matajiri wengi wa karne ya 19 waliweka wakfu nyumba na viwanja kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru, wao na vizazi vyao, wakae bila kudaiwa kodi. Waingereza walipounda Kamisheni ya Wakfu mwanzoni mwa karne ya 20, mafaili yakaongezeka, na sehemu kubwa yake iko Idara ya Nyaraka, Kilimani. Humo mna majina ambayo hayatapatikana kwenye kitabu chochote cha safari za Wazungu.

Hata hivyo hati nazo zina upofu wake, na mfano mzito kuliko yote ni wa masuria. Dikrii ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, lakini masuria waliachwa nje hadi 1909. Suria aliyezaa na bwana wake aliishi ndani kabisa ya nyumba. Mwanawe alirithi sawa na ndugu zake wa baba mmoja, ila mama mwenyewe hakuwa na fungu. Mtafiti anayefuata njia ya mirathi peke yake atamkuta mtoto na kumpoteza mama, hata kama mama huyo ndiye aliyekaa miaka mingi zaidi chini ya paa lile.

Pengo kubwa kupita yote, hata hivyo, linaanza tarehe 12 Januari 1964. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi ziliachwa na waliokimbia, nyingine zikataifishwa, na serikali ikaweka humo familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Nyumba ya ukoo mmoja ikawa ya kaya nne, tano au zaidi. Vitabu vya wageni huruka kipindi hiki chote, kutoka Sultani moja kwa moja hadi hoteli. Vikikigusa, hukigusa kwa sentensi moja: nyumba ziliharibika mikononi mwa wapangaji. Sentensi hiyo nimeifuta kila nilipoikuta katika rasimu za toleo hili, na sababu zangu ni hizi.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Adui yake ni maji. Paa likivuja, ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo zinazooza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Anayepaka saruji badala ya chokaa anaufungia unyevu ndani. Kuzuia haya kunahitaji mtu mwenye amri juu ya paa. Katika nyumba iliyogawiwa chumba kwa chumba, paa halikuwa la mtu. Mwenye mali alikuwa serikali, na kodi iliyotozwa ilikuwa ndogo mno kugharimia matengenezo. Mama wa watoto sita aliyepewa vyumba viwili ghorofa ya kwanza angefanya nini juu ya paa la ghorofa ya tatu? Na kama wapangaji ndio maradhi, atuambie mtu ni mpangaji gani aliyeiangusha Beit al-Ajaib. Jengo lile, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa makumbusho na lilikuwa katika matengenezo sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Hapakuwa na kaya hata moja iliyopika humo.

Familia hizo zilizoingia baada ya Mapinduzi zimekaa. Wako wazee wa Kiponda na Malindi walioingia vijana na sasa wana wajukuu waliozaliwa katika chumba kilekile. Hiyo ni miaka sitini na ushei, mirefu kuliko muda wote ambao ubalozi wa Uingereza ulikaa Mambo Msiige. Wao ndio wakazi wa nyumba hizo kwa maana kamili, na alama zao zimo ukutani kwa anayetaka kuziona. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko huvuka mita tatu hivi na si zaidi. Basi chumba kimoja kikakatwa kati kwa ukuta wa mbao, wazazi huku, watoto kule. Mlango uliounganisha vyumba viwili ukazibwa kwa matofali, kwa sababu sasa upande wa pili wanaishi watu wengine. Kwenye ukumbi wa juu, ukuta una madoa ya masizi yaliyopangana, kila doa na jiko lake la mkaa, maana jiko la zamani halikutosha kaya tano. Chini mlangoni, mita za umeme ziko mstari mmoja. Zihesabu, utajua kaya ngapi.

Mkarabati anapokuja, vitu hivi ndivyo vinavyotangulia kuondoka. Ukuta wa mbao unavunjwa, masizi yanapakwa chokaa, na tunaambiwa nyumba imerudishwa katika hali yake ya asili. Hapo mtu amechagua wakazi wa kukumbukwa na wa kusahauliwa. Sipingi ukarabati, maana bila ukarabati nyumba zitaanguka. Ninachodai ni kwamba kabla ukuta haujavunjwa, upigwe picha, upimwe, na waliokaa nyuma yake waulizwe. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na majengo yake yamepimwa moja moja. Watu wake wanastahili uangalifu huohuo.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu za mdomo hukosea. Hukosea kweli, na hati nazo hukosea. Mtafiti mzuri huzipambanisha. Ya pili ni nzito zaidi: watu wanaogopa kwamba kuandika nani aliishi wapi ni kufungua kesi ya nani ana haki ya nyumba. Hofu hii inawafunga mdomo wapangaji, na inawafunga pia waliopoteza nyumba zao, ambao leo wako Muscat, Dubai, London na Dar es Salaam. Uchungu wao haupunguzwi na hoja yangu hata chembe. Nyumba ileile ilimpokonya mmoja na kumsitiri mwingine, na historia inayotaka kuaminiwa itabeba yote mawili. Historia ya wakazi haitoi hati wala hainyang'anyi hati.

Sasa makala zenyewe. Ile ya Lamu inaonyesha jinsi ghorofa ilivyoongezwa binti alipoolewa, hivyo nyumba ikafuata wanawake. Isomwe mwanzo na wale wanaoandika fulani bin fulani kila mstari. Makala ya jengo la ubalozi wa kwanza wa Uingereza Shangani, ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa mwaka 1874 na ambalo kampuni ya Smith Mackenzie ililitumia hadi 1974, imeandikwa kwa umakini mkubwa, ingawa bado ninamdai mwandishi makarani na wapagazi. Mombasa ina makala fupi, nayo inatosha. Insha inayosoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah pamoja na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi imenigusa zaidi ya nilivyotarajia. Ndani ya riwaya hizo mbili, nyumba iliyowekwa rehani na kasri lililoachwa vinasema kile ambacho nyaraka zetu zimeshindwa kusema.

Ombi langu kwa wasomaji ni la kazi ya jioni moja. Kaa na mzee wa nyumba yenu, au mpigie simu alipo. Andika chumba kwa chumba: nani alilala humu, alitoka wapi, alikaa tangu lini hadi lini, alipika wapi, maji aliyateka wapi. Usiruke watumishi, usiruke wapangaji, usiruke wanawake. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1964 sasa wamepita themanini, na hatuna muda wa kungoja. Kuanzia toleo lijalo, makala ya historia ya nyumba inayoanza na mjenzi na kumalizia na mwekezaji, bila waliokaa kati yao, tutairudisha kwa mwandishi wake.